MTU PEKE YAKE KATIKA MJI WA LAMU

Lamu ni mji wa kale ulio katika kisiwa chenye jina hilo hilo, upande wa kaskazini wa pwani ya Kenya. Njia zake ni nyembamba, hata mtu akikutana na punda mwenye mzigo hana budi kujibanza ukutani ampishe. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hushikwa na boriti za mikoko. Mwaka 2001 mji huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, kwa kuwa ni mji wa Waswahili uliohifadhika vizuri kuliko yote katika Afrika ya Mashariki, na kwa kuwa watu wangali wakiishi humo kwa desturi zao. Si magofu ya kutazamwa tu.

Watu wengi wa bara hutamani kuuona mji huo na bahari yake, lakini hawaendi kwa sababu hawana mwenzi wa safari. Mkulima amekwisha kuuza mavuno yake, au karani amepata likizo yake. Lakini mke ana kazi, na rafiki hana nauli, basi safari huahirishwa mwaka baada ya mwaka. Husemwa kwamba pwani si mahali pa kwenda mtu peke yake: ataibiwa, au atazama baharini, au atakaa chumbani siku saba akitazama ukuta. Hofu hizo si za kijinga, maana kila moja imekwisha kuwapata watu. Hata hivyo mji wa Lamu ulijengwa na watu waliozoea kumpokea mgeni aliyefika bila jamaa. Mapokezi hayo yana taratibu zake, na aendaye peke yake akizijua atakuwa salama, tena hatakosa watu wa kuongea nao.

WAGENI WA PEPO ZA MUSIMU

Kwa karne nyingi wafanya biashara wa Arabuni, wa Ghuba na wa Bara Hindi walifika pwani hii kwa majahazi. Walikuja na upepo wa kaskazi, ambao huvuma tangu mwezi wa Desemba hadi Machi, wakarudi kwao kwa upepo wa kusi, ambao huanza kuvuma mnamo Aprili. Mfanya biashara akimaliza shughuli zake mapema, hakuweza kuondoka siku aipendayo. Alingoja mpaka upepo ugeuke. Wengi wao walifika bila mke wala ndugu, wakakaa miezi kadha katika mji ambao si wao.

Watu wa Lamu walijenga nyumba zao wakimkumbuka mtu huyo. Nje ya mlango mkubwa wa nyumba ya kale kuna ukumbi mdogo uitwao daka, wenye viti vya mawe upande huu na huu. Mtu mwenye shughuli ya kawaida hupokewa hapo hapo, akaketi, akasikilizwa, bila kuingia ndani. Mgeni wa kulala aliwekewa chumba chake kiitwacho sabule, ambacho aghalabu kilikuwa juu, mbali na vyumba vya wenyewe, ili aweze kuingia na kutoka bila kuwasumbua wanawake wa nyumba. Kwa njia hiyo mgeni alipata mahali pake, na mwenye nyumba hakupoteza heshima ya nyumba yake. Mtu apendaye kuona mpango huo kwa macho yake aweza kuingia katika nyumba ya karne ya 18 ambayo imetengenezwa na kufanywa jumba la makumbusho katikati ya mji.

Jambo kubwa katika desturi hiyo lilikuwa hili: kila mgeni alikuwa mgeni wa mtu fulani. Alipopita njiani watu waliulizana, "Huyu ni mgeni wa nani?" na jibu lilikuwapo. Akiugua, mwenyeji wake alipelekewa habari. Akidhulumiwa sokoni, mwenyeji wake aliona haya na kulishughulikia jambo hilo. Kadhalika yeye mwenyewe akifanya uovu, mwenyeji wake ndiye aliyelaumiwa kwanza. Siku hizi wageni wengi hulala katika nyumba za kulipia, lakini swali lile bado laulizwa vibarazani, na msafiri mwenye busara huhakikisha kwamba jibu lake lipo.

NJIA YA KUFIKA

Msafiri atokaye Nairobi aweza kwenda kwa ndege, akashuka katika uwanja ulio kisiwa cha Manda, kisha akavuka mlango wa bahari kwa boti. Asiyependa gharama ya ndege huteremka Mombasa kwa basi, au kwa gari la moshi la reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017. Kisha hupanda basi lipitalo Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe. Kutoka Mombasa safari hiyo ni zaidi ya kilometa 300. Mokowe ni mwisho wa nchi kavu, na kutoka hapo watu wote huvuka kwa boti.

Haifai kuficha kwamba njia hiyo ya nchi kavu imepata kumwagika damu. Mwezi wa Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa katika Mpeketoni na vijiji vya jirani, na baada ya hapo magari yameshambuliwa barabarani mara kadha. Kwa sababu hiyo msafiri yampasa asafiri mchana, katika basi la kampuni inayojulikana, na kwanza aulize habari za njia kwa watu wa kituo cha basi na kwa mwenye nyumba atakakolala. Akiambiwa angoje, na angoje. Askari wakilisimamisha basi na kutaka vitambulisho, awaonyeshe chake kwa upole, maana kazi yao ni kumlinda yeye. Kuuliza si ujinga, na siku moja ya kungoja Malindi haijapata kumwua mtu.

SIKU YA KWANZA

Chukua mfano wa watu wawili walioshuka katika boti moja asubuhi moja. Wa kwanza aona haya kuonekana mgeni. Ashika mfuko wake, apita haraka bila kumsalimu mtu, afanya kama aijua njia. Kijana mmoja amfuata na kumwambia kwamba nyumba aliyoichagua imefungwa, lakini kuna nyingine iliyo rahisi. Amfuata kijana yule katika vichochoro, na usiku ule hapana mtu katika mji wote, wala nyumbani kwake, ajuaye alipolala.

Wa pili ashuka gatini, aweka mzigo wake chini, atazama watu. Awaona wazee wameketi kivulini, awaendea na kusema, "Salaam alaikum," au kama hajazoea maneno hayo, "Shikamoo, wazee." Hawamharakishi, naye hawaharakishi. Baada ya kuulizana hali na habari za safari, awaambia jina lake, na atokako, na nyumba aliyoandikiwa chumba. Mzee mmoja amwita mtoto na kumwambia, "Mpeleke mgeni huyu kwa fulani." Wote wawili ni wageni, na mji uliwaona wote wawili, maana Waswahili husema kwamba mgeni ni kuku mweupe, hawezi kujificha kati ya kuku wengine. Tofauti yao ni kwamba wa pili amekwisha kupata watu wa kumwulizia, na wa kwanza hana. Asiye na mtu wa kumwulizia ndiye aliye peke yake kweli kweli, hata akiwa katikati ya soko.

Kwa hiyo yafaa msafiri achague nyumba ya kulala kabla ya kuondoka kwake, ampigie simu mtunzaji wa nyumba, na aombe mtu wa kumlaki gatini, akiwa ameambiwa jina la mtu huyo. Vijana wanaowakimbilia wageni gatini si wezi wote. Wengi wao hutafuta riziki kwa kuchukua mizigo na kuonyesha njia, na kazi hiyo ni halali. Msafiri awajibu kwa adabu, apatane bei ya mzigo kabla haujainuliwa, na amlipe aliyefanya kazi. Akisha kufika chumbani, amjulishe mtunzaji wa nyumba habari zake, awasalimu majirani wa pande mbili, kisha apeleke salamu nyumbani kwake akitaja nyumba aliyolala na namba ya simu ya mwenye nyumba. Kazi hiyo yote yaweza kumalizika katika saa moja.

BARAZA NA ADABU ZAKE

Katikati ya mji, mbele ya ngome, pana uwanja uitwao Mkunguni. Ngome hiyo ilimalizwa mnamo mwaka 1821, baada ya watu wa Lamu kuwashinda watu wa Mombasa na wa Pate katika vita vya Shela. Baadaye ilikuwa gereza mpaka mwaka 1984, na sasa ni mahali pa maonyesho na maktaba. Kivulini kwa uwanja huo, na mbele ya nyumba nyingi mjini, wanaume hukutana katika baraza za mawe. Jua likipungua makali, baada ya sala ya alasiri, baraza hujaa. Muuza kahawa hupita na dele lake la shaba, vikombe vidogo vikigongana mkononi. Wengine hucheza bao, wengine husoma magazeti, wengine hutazama tu wapitao.

Watu wa bara wasiozoea huona kwamba wale watu wamekaa bure. Lakini baraza ni mahali pa habari na pa shauri, tena ni ulinzi wa mtaa. Waliokaa hapo humjua kila mtoto, kila punda, na kila mgeni. Wanajua nani amepita na nani hajarudi. Msafiri aliyewasalimu asubuhi na jioni amepata walinzi ambao hawezi kuwanunua kwa fedha.

Kuingia barazani kuna adabu yake. Mgeni husimama kidogo, hutoa salamu kwa wote, na hungoja aambiwe karibu. Akikaribishwa, huketi pembeni, si katikati. Husikiliza zaidi kuliko kusema. Haulizi habari za wake na binti za watu, wala hampigi mtu picha asiyempa ruhusa. Akinywa kahawa aweza kuwalipia waliokaa karibu naye. Bei yake ni ndogo, na heshima yake ni kubwa. Akienda nyumbani kwa mtu hupiga hodi. Akipiga mara tatu bila kujibiwa, hurudi zake bila kununa. Katika mwezi wa Ramadhani hali wala hanywi njiani mchana, hata kama yeye si Mwislamu. Na jioni, watu wafuturupo, huenda akaitwa na mtu asiyemjua aje ale naye.

Mwanamke asafiriye peke yake hana nafasi katika baraza za wanaume, lakini ana mlango mwingine ambao mwanamume hawezi kuupita. Wanawake wa Lamu hukutana ndani. Msafiri wa kike akifahamiana na mama wa nyumba anapolala, au na jirani auzaye mahamri asubuhi, haichukui siku nyingi kabla hajaitwa uani kusaidia kukuna nazi, au kuchorwa hina, au hata kwenda arusini. Yafaa avae nguo za kufunika mabega na miguu awapo mjini, na leso moja ya kujitanda humfaa sana. Akifuatwa na mwanamume kwa maneno yasiyofaa, asione haya kuingia duka lililo karibu, au kumwendea mwanamke mtu mzima na kusema, "Mama, mtu huyu anisumbua." Mara nyingi mtu yule hutoweka kabla mama hajageuka, maana hapendi habari zake zifike barazani.

Mtu wa bara akae akijua pia kwamba huko barazani atasikia maneno mazito. Atasikia habari za ardhi, na za watu wa bara waliopewa mashamba Mpeketoni tangu miaka ya 1970. Atasikia habari za bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021, na za wavuvi waliopoteza mahali pao pa kuvulia, ambao mahakama kuu iliamuru mwaka 2018 kwamba walipwe fidia. Yeye hakuja kuwa hakimu. Akisikiliza kwa makini na kueleza kwa upole jinsi mambo yalivyo kwao, watu watamheshimu. Akisema kwamba watu wa pwani ni wavivu, amekwisha kujifungia mlango kwa maneno matatu. Wengi wa bara na wa pwani hawajapata kuketi pamoja kwa dakika kumi bila shughuli ya kuuziana kitu. Na huenda mgeni huyo akawa mtu wa kwanza kutoka wilaya yake ambaye mzee yule amepata kunywa kahawa naye.

BAHARI

Ufuko mkubwa wa Lamu uko Shela, mwendo wa karibu dakika 45 kwa miguu kutoka mjini, au mwendo mfupi kwa boti. Mchanga wake waenda karibu kilometa 12, na nyuma yake pana vilima vya mchanga ambavyo huhifadhi maji matamu yanywewayo mjini. Ni mahali pazuri mno, lakini lazima pafahamike. Sehemu nyingi za pwani ya Kenya zina mwamba mbele yake uzuiao mawimbi. Shela haina mwamba huo. Mawimbi ya bahari kuu hupiga pale moja kwa moja, hasa wakati wa kusi, na katika mlango ulio kati ya Lamu na Manda maji huvuta kwa nguvu yanapojaa na yanapopwa.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja, na kila siku saa zake huchelewa kwa dakika karibu 50. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mpya na mwezi mpevu, tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 3. Wakati wa maji mafu tofauti hupungua. Kwa hiyo mahali palipokuwa na maji ya magoti saa tatu huenda pakampita mtu kichwa saa saba. Msafiri asikisie. Kila mvuvi ajua saa za maji, na kumwuliza ni njia njema ya kuanza mazungumzo.

Mtu asiyejua kuogelea asipite maji ya magoti. Ajuaye aoge karibu na kijiji, mahali ambapo wengine wanaoga, na asioge amekunywa pombe, wala usiku. Akijikuta avutwa na mkondo kwenda kilindini, asishindane nao kwa kurudi moja kwa moja, maana atachoka na kuzama. Aogelee sambamba na ufuko mpaka autoke mkondo, ndipo arudi pwani. Na akichoka, alale chali juu ya maji, ainue mkono, apige kelele. Tena, kabla ya kuingia majini ampe mtu nguo zake, au amwambie tu, "Naoga hapa, nikikawia nitazame." Watu waliozama wakiwa peke yao, mara nyingi hapana aliyejua kwamba wameingia majini.

Mbali na kijiji ufuko huwa mtupu kabisa. Haifai mtu kwenda huko peke yake na vitu vya thamani, wala nyakati za magharibi, kwa kuwa wageni wamepata kunyang'anywa mahali kama hapo. Akitaka kutembea mbali, atafute wageni wengine wawili watatu katika nyumba za kulala, au achukue kiongozi anayejulikana na mwenye nyumba wake.

Safari ya boti kwenda Takwa, katika kisiwa cha Manda, yaonyesha vizuri faida ya kuwasikiliza wenyeji. Takwa ni mji uliohamwa katika karne ya 17, na watu wa Shela hudai asili yao huko. Magofu ya msikiti na kaburi lenye mnara yangali yamesimama. Lakini boti hupita katika hori la mikoko ambalo halipitiki maji yakipwa. Msafiri akimlazimisha nahodha aondoke saa aitakayo yeye, huenda akakwama matopeni mpaka maji mengine. Basi nahodha ndiye apangaye saa. Kazi ya abiria ni kuuliza bei mapema, kuhakikisha kwamba majaketi ya kuokolea yapo na yanatosha watu wote, na kukataa kupanda chombo kilichojaa mno. Aliye peke yake yafaa ajiunge na wengine. Gharama hugawanywa, na mazungumzo hupatikana.

FEDHA NA MAPATANO

Ulaghai unaowapata wageni wa Lamu mara kwa mara hautumii kisu. Mtu mchangamfu hukutana na mgeni njiani, humweleza mambo mengi mazuri, kisha humwalika chakula cha jioni nyumbani kwake, wali wa nazi na samaki wa kupaka. Huomba fedha kidogo mbele, ili anunue samaki. Jioni mgeni hungoja mahali walipoagana, wala hapana mtu. Mwaliko wa kweli wa chakula upo Lamu, na ni wa mara nyingi, lakini mwenye kualika kwa ukarimu haombi fedha, na mwenye kupika kwa biashara hulipwa chakula kikisha kuliwa. Mgeni aseme tu, "Ahsante, nitamwuliza kwanza mwenye nyumba wangu." Maneno hayo humtenga mkweli na mwongo mara moja.

Tangu fedha za simu zilipoanza nchini mwaka 2007, hakuna haja ya kutembea na noti nyingi mfukoni. Msafiri achukue za kumtosha siku moja, na nyingine aziweke katika simu; na namba yake ya siri asiitaje kwa mtu ye yote, hata aliyejifanya rafiki. Usiku achukue tochi, maana vichochoro vina giza na samadi ya punda. Alale katika chandarua, kwa kuwa malaria ya pwani haijaisha. Mchana wa saa sita akimbie jua kama wakimbiavyo wenyeji, anywe maji, alale kidogo. Mji wote hufanya hivyo.

KUAGA

Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa msafiri wa leo jembe hilo si zito. Mkulima wa Kirinyaga aliyeleta pakiti mbili za majani ya chai ya kwao, akampa moja mtunzaji wa nyumba na nyingine mzee wa barazani, amefanya kama walivyofanya wafanya biashara wa majahazi, ambao walileta bidhaa na habari za kwao pamoja. Karani ajuaye kuandika barua ya kuombea cheti, au kusoma karatasi iliyotoka ofisini, huenda akatakiwa msaada huo. Na autoe kwa furaha.

Na siku ya kurudi ikifika, asiondoke kimya alfajiri. Jioni iliyotangulia azunguke akawaage watu: mtunzaji wa nyumba, majirani, nahodha, muuza mahamri, wazee wa Mkunguni. Awaambie atapanda chombo gani na atafika lini. Akisha kufika kwao awapelekee salamu kwa simu, kwa sababu siku ile, saa ya kahawa, mtu mmoja barazani atauliza, "Yule mgeni wa fulani amefika salama?" na yafaa jibu liwepo.